Nafasi, Mahali na Mshororo: Uhakiki wa Istilahi za Kutafuta Maneno katika Dirisha la Soga

Hivi karibuni nilikabidhiwa mswada wa tafsiri ili niuhakiki kabla haujafikishwa kwa walimu. Yaliyomo ni masomo ya kuwafunza vijana kuandika skripti, yaani maagizo mafupi ambayo programu ya kompyuta huyasoma na kuyatekeleza yenyewe, bila ya mtu kubonyeza kitu. Programu iliyochaguliwa ni mIRC, ambayo Khaled Mardam-Bey aliitoa mara ya kwanza mwaka 1995 kwa kompyuta za Windows. Hiyo ni programu ya soga: watu walio mbalimbali huandikiana, na kila aandikalo mmoja hutokea papo hapo katika madirisha ya wenzake. Mtindo huo wa soga, uitwao IRC, ulianzishwa mwaka 1988 na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, nchini Ufini. Umezeeka, na vijana wetu walio wengi hawajapata kuuona. Lakini kwa mwalimu una faida moja kubwa: dirishani mwake hamna picha wala mapambo, mna maneno tu, na mwanafunzi anayetaka kujua jinsi mashine inavyoyaona maneno huyakuta yakiwa matupu mbele yake.

Mfasiri wa mswada ule si mtu wa kubezwa. Sentensi zake ni fasaha, upatanisho wake wa kisarufi hauna dosari, na pale alipotohoa ametohoa kwa busara: seva, chaneli, fonti, pikseli. Nilisoma kurasa za mwanzo bila ya kushika kalamu. Kisha nikafika kwenye somo linalofundisha jinsi skripti inavyotambua neno fulani liko wapi dirishani, nikakuta agizo hili: "Tafuta nafasi ya neno katika mstari." Nikalisoma mara ya pili. Mara ya tatu nikaketi mbele ya mashine nijaribu kulitii, nikaona kwamba halitiiki.

Kosa hili si la mfasiri huyu peke yake. Ni letu sote tunaofasiri maandishi ya kompyuta, na ndiyo sababu naona lafaa kuzungumzwa katika kurasa hizi badala ya kumalizwa kwa wino mwekundu ukingoni mwa mswada.

Nafasi

Tuutazame mstari huu, ambao nimeutunga kwa ajili ya mfano. Ndivyo maneno yanavyoonekana katika dirisha la soga, yakitanguliwa na saa na lakabu ya msemaji:

[10:15] <Kasuku> ng'ombe wa shamba wamepotea

Sasa waambie wanafunzi watatu wakuonyeshe kilichopo katika "nafasi ya 3". Wa kwanza atahesabu alama mojamoja tangu mwanzo, na kwa kuwa mabano nayo ni alama, atafika kwenye sifuri ya saa. Wa pili atahesabu maneno, naye atafika kwenye ng'ombe. Wa tatu, ambaye tangu darasa la kwanza amefunzwa kwamba nafasi ni uwazi uachwao baina ya neno na neno, atahesabu uwazi wa kwanza, wa pili, na wa tatu, kisha ataweka kidole baada ya ng'ombe, pasipo na kitu chochote. Wote watatu wametii agizo, na wote watatu wanastahili kupata alama zote za swali.

Neno nafasi lina kazi nyingi mno katika lugha yetu ya kila siku. Mtu asiye na wakati husema hana nafasi. Gazeti hutangaza nafasi za kazi. Timu hushika nafasi ya pili. Chumba kikijaa watu hamna nafasi. Katika uchapaji, tangu enzi za taipureta, nafasi ni pengo linalotokea ukibonyeza ule ubao mrefu wa chini. Maana zote hizo ni halali na hakuna aliye na haki ya kuzifuta. Lakini istilahi haipimwi kwa kuuliza kama neno ni la Kiswahili safi. Hupimwa kwa kuuliza kama msomaji aliye peke yake, bila ya mwalimu wa kumfafanulia, atashika jambo moja tu. Katika mswada huu nimekuta, ukurasa mmoja, sentensi isemayo: "Skripti huangalia kama kuna nafasi katika nafasi ya 8." Katika mfano wetu jibu ni ndiyo, kwa sababu saa pamoja na mabano yake hutumia alama 7, na ya 8 ni pengo. Jibu ni sahihi na sentensi ni kitendawili.

Pendekezo langu la kwanza ni jepesi: nafasi ibakie na maana ya pengo baina ya maneno, na jambo lile lingine liitwe mahali. Sidai kuwa nimevumbua kitu. Nadai tu kwamba tumeliruka neno lililokuwa miguuni petu tukaenda kuchukua la mbali, yamkini kwa kuwa mahali lilionekana la kawaida mno, na sisi wafasiri tuna udhaifu wa kudhani kwamba istilahi sharti ijitenge na mazungumzo ya sokoni.

Tena mahali lina utajiri ambao lugha nyingi zilizozaa istilahi hizi hazina. Sarufi yetu hutenganisha namna tatu za kuwapo: pa-, ku- na m-. Mtu anayejua Kiswahili hahitaji kufundishwa tofauti baina ya hapa, huku na humu. Ameinyonya pamoja na maziwa. Basi sikiliza: dirishani kuna mishororo 200, mshororoni mna maneno 6, mahali pa 8 pana nafasi. Katika sentensi hizo tatu, ku- imebeba eneo zima, m- imebeba kilicho ndani ya kitu chenye mipaka, na pa- imebeba kituo kimoja kinachoweza kuguswa kwa ncha ya kidole. Mfasiri akiandika hivyo, msomaji amekwisha kuambiwa kipimo kabla hata ya kuambiwa namba. (Neno mshororo nitalieleza baadaye, naomba msomaji anivumilie.)

Hapa yafaa tuseme wazi kwa nini vipimo vinatatiza. Skripti ya mIRC ina njia tatu za kuuliza kitu kiko wapi, na njia hizo hazipimi kwa fimbo moja. Kuna kitambulisho $mouse, ambacho husema kipanya kiko umbali gani kutoka ukingo wa kushoto na ukingo wa juu wa dirisha, na kipimo chake ni pikseli, yaani vinukta vya mwanga kwenye kioo. Kuna $line, ambacho ukikipa jina la dirisha na namba hukurudishia maneno yaliyomo katika mstari wenye namba hiyo. Ukikipa sifuri hukuambia jumla ya mistari iliyopo. Nduguye $fline hufanya kinyume: ukimpa maneno hukupa namba. Na kuna $pos, ambacho hutazama ndani ya mstari mmoja tu na kusema alama fulani zimeanzia alama ya ngapi. Katika mfano wetu ng'ombe huanzia alama ya 18.

Mwanafunzi anapotaka skripti itambue neno lililoguswa na kipanya, sharti avuke kutoka kipimo cha kwanza kwenda cha pili, na kutoka cha pili kwenda cha tatu. Kwanza huchukua umbali wa kipanya kutoka juu akaugawa kwa kimo cha fonti, apate kujua ni mstari wa ngapi kwenye kioo. Kisha huugeuza mstari wa kwenye kioo kuwa namba ya mstari uliomo katika akiba ya dirisha. Mwisho hujumlisha upana wa maneno, moja baada ya moja, kwa kitambulisho $width, mpaka jumla ipite umbali wa kipanya kutoka kushoto. Hapo neno limepatikana. Kazi hii ya mwisho haiwezi kukatwa njia kwa kuhesabu herufi na kuzidisha, isipokuwa fonti iwe ya upana mmoja, kwani katika fonti za kawaida i ni nyembamba na m ni pana. (Kwa baadhi ya haja programu yenyewe hutoa tukio linaloamka kipanya kinapopita juu ya neno lililotajwa, lakini mwanafunzi atakayejifunza kwa njia hiyo peke yake atakuwa amefunzwa kupanda gari tu.)

Katika safari hiyo yenye vituo vitatu, mswada umetumia neno nafasi kwenye kila kituo. Msafiri ameshuka, kakuta kibao kimeandikwa jina lilelile la kituo alichotoka.

Mstari na mshororo

Neno la pili lililonishughulisha zaidi ni mstari, na hapa lawama haiwezi kuwa kali, kwa kuwa hata Kiingereza chenyewe hutumia neno moja na kuacha mazingira yatenganishe. Lakini hatulazimiki kurithi umaskini wa jirani.

Dirisha la soga likiwa pana, ujumbe wa Kasuku huonekana katika mstari mmoja. Likifanywa jembamba, ujumbe uleule hukatwa na kuendelea chini, ukawa mistari miwili au mitatu. Mtumaji hakufanya lolote, na seva haikufanya lolote. Kwa $line ujumbe ni mmoja na namba yake ni moja, vyovyote utakavyokatwa. Kwa jicho la msomaji na kwa kipanya chake, ni mistari mitatu. Ili kuoanisha viwili hivyo skripti ina kitambulisho $wrap, ambacho hupewa maneno, fonti, ukubwa na upana, kikarudisha vipande kama vitakavyokatwa. Sasa mswada unasema: "Hesabu mistari ya mstari, kisha tafuta nafasi katika mstari wa mstari huo." Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, kisha nikasikitika, kwa sababu mfasiri alikuwa ameelewa jambo kikamilifu na lugha aliyoichagua ndiyo iliyomsaliti.

Washairi wetu walikwisha kukutana na tatizo hili karne nyingi kabla ya kioo cha kompyuta. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, na kina cha kati hukaa kwenye mizani ya 8. Mchapaji wa gazeti mwenye safu nyembamba huukata mshororo huo ukawa mistari miwili, na hakuna mshairi atakayekubali kwamba ubeti wake umegeuka kuwa wa mistari minane. Kinyume chake pia kimetokea. Katika miswada ya zamani ya pwani iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, vipande vinne vya ubeti wa utenzi aghalabu viliandikwa katika mstari mmoja, vikitenganishwa kwa alama. Ubeti huohuo ulipochapwa kwa herufi za Kirumi ukapangwa mistari minne. Karatasi ilibadilika, mistari ikaongezeka, utenzi ukabaki uleule. Anayesema "ubeti wa 12, kipande cha 3" hueleweka mbele ya mswada wa Lamu na mbele ya kitabu cha shule. Anayesema "mstari wa 47" sharti aulizwe: katika chapa gani?

Kwa sababu hiyo napendekeza mshororo uwe ni kile kilichotumwa kizima na kuhifadhiwa kwa namba yake, na mstari uwe ni kile kinachoonekana kwenye kioo baada ya kukatwa. Hapo sentensi ya mswada itakuwa: "Hesabu mistari ya mshororo, kisha tafuta mahali pa neno katika mstari huo." Hii mwanafunzi ataitii.

Najua patakuwa na pingamizi. Washairi watasema tumewaibia. Lakini nchini Kenya watu husema mshororo wa magari bila ya kumwudhi malenga yeyote, na maana hiyo ya magari, kwa bahati njema, inatufaa zaidi kuliko ile ya ushairi. Kwani mishororo ya dirisha la soga hupanga foleni kwelikweli. Mpya huingia chini, ya zamani husukumwa juu, na akiba ya dirisha ikijaa ule wa juu kabisa hudondoka. Hapo uliokuwa wa 40 unakuwa wa 39, wala hakuna aliyeugusa. Skripti iliyokariri namba 40 jana itafungua mdomo leo na kumjibu mtu mwingine. Mswada umeiita namba hiyo "namba ya utambulisho wa mstari", jambo ambalo ni kosa la maana na si la msamiati tu. Namba ya utambulisho haibadiliki, kama ile ya kitambulisho cha mtu. Hii ni namba ya zamu. Mtu aliye wa tano katika foleni ya benki hajabadilika alipokuwa wa nne.

Wapo watakaopendelea ujumbe badala ya mshororo. Lingekuwa neno zuri lau kila kiingiacho dirishani kingekuwa kimetumwa na mtu. Lakini dirishani huingia pia taarifa za seva: fulani amejiunga, fulani ameondoka, mada imebadilishwa. Zote hizo huhesabiwa na $line pamoja na maneno ya watu. Ukizisahau, hesabu yako imepotea.

Kuhesabu tangu wapi

Mswada unasema kwamba katika mIRC neno la kwanza ni neno la 1, jambo ambalo ni kweli, na mahali pa alama pia huhesabiwa tangu 1. Kisha katika ukurasa wa mwisho unamshauri mwanafunzi ajaribu maarifa yake katika programu nyingine, bila ya kumwonya. Zipo lugha nyingi za kompyuta ambazo huhesabu tangu sifuri. Katika lugha ya Perl, kwa mfano, ng'ombe wetu angekuwa mahali pa 17. Hata ndani ya programu moja mambo hutofautiana. HexChat, programu nyingine ya soga, humkabidhi mwandishi wa lugha ya C orodha ya maneno ambayo la kwanza lina namba 1, na humkabidhi mwandishi wa Python orodha ya maneno yaleyale ambayo la kwanza lina namba 0.

Mfasiri asiyetaka kumpoteza mtu afanye nini? "Neno la sifuri" ni maneno yasiyokaa vizuri kinywani, na sioni haya kusema hivyo. Sisi tunaanza saa kwa moja baada ya jua kuchomoza, tunaanza juma kwa Jumamosi, na hakuna siku ya sifuri. Lakini sifuri ya kompyuta haihesabu vitu. Hupima umbali. Anayesema sifuri anasema: sijapiga hatua yoyote kutoka mwanzo. Basi tuseme hivyohivyo. Pale programu inapohesabu tangu 1, tutumie viambishi vya mpango: neno la 1, la 2, la 3. Pale inapohesabu tangu 0, tutumie hatua: neno lililo hatua 0 kutoka mwanzo, hatua 1, hatua 2. Mwalimu atakayesikia hatua atajua mara moja yuko upande gani, wala hatahitaji tanbihi.

Ubishi huu wa namba si wa kitaaluma tupu. Zoezi la mwisho la mswada ni skripti ya mlinzi wa chaneli, ambayo humtoa nje mtu aliyeandika tusi. Mwanafunzi ameagizwa achukue lakabu ya mkosaji "katika nafasi ya 2 ya mstari". Katika mfano wetu neno la 2 ni Kasuku pamoja na mabano yake, sawa. Lakini mtumiaji akizima saa isionekane, neno la 2 huwa ng'ombe. Na mshororo ukiwa ni taarifa ya seva, neno la 2 ni chochote kile, huenda likawa lakabu ya mtu aliyeingia punde tu na hajatamka neno. Mtu huyo atatupwa nje kwa kosa la mfasiri. Mahali pa kuichukulia lakabu ni katika ujumbe wenyewe jinsi ulivyotoka katika seva, ambamo msemaji ametajwa pake, si katika kioo ambacho kila mtu hukipamba apendavyo. Mswada ungetenga mshororo ulioonyeshwa na ujumbe uliopokewa, mwanafunzi angeliona shimo hilo mwenyewe.

Herufi, alama, baiti

Hapa nitapita haraka, isipokuwa katika jambo moja. Mswada huita kila kitu herufi. Herufi ni a, b, ch. Mabano si herufi, wala nukta, wala pengo; hizo tuziite alama, na herufi iwe ni aina mojawapo ya alama. Tena kuna alama zisizoonekana: mIRC hutia alama ya siri yenye namba 2 pale maneno yakozwapo wino, na yenye namba 3, ikifuatwa na tarakimu, pale yapakwapo rangi. Hizo huhesabiwa zisipoondolewa kwanza kwa $strip. Lakabu ya Kasuku ikikozwa wino, alama mbili huongezeka, na ng'ombe ambaye jicho linamwona palepale huhamia mahali pa 20.

Jambo lenyewe ni ng'. Mtoto wa shule husema ng' ni sauti moja. Mashine husema ni alama tatu, hivyo ng'ombe ni alama 7. Kisha huja kipimo cha baiti, nacho kina sheria yake: kwa mujibu wa kanuni za IRC zilizotolewa mwaka 1993, ujumbe mmoja hauruhusiwi kuzidi 512, na mbili kati ya hizo ni za kufungia. Alama ya ritifaa iliyonyooka, ile ya taipureta, huchukua baiti 1. Ritifaa iliyopinda, ambayo programu za kuandikia barua hupenda kuiweka bila ya kuulizwa, huchukua baiti 3 katika UTF-8. Kwa hiyo ng'ombe mmoja ana baiti 7 na mwenziwe ana 9, na skripti inayomtafuta wa kwanza itampita wa pili kana kwamba hayupo. Neno halionekani limekosewa. Mhariri yeyote wa Kiswahili angelipitisha. Tangu mIRC ilipoanza kukubali Unicode kikamilifu, katika toleo la 7 mwaka 2010, ritifaa zote mbili huingia dirishani bila ya tabu, na ndipo tabu ilipoanzia. Nashangaa kwamba mswada uliokusudiwa kwa wanafunzi wa Kiswahili haukuligusa hili hata kwa sentensi moja, ilhali umetumia aya nzima kwa herufi za Kijerumani zenye vinukta juu. Hapana shaka aya hiyo ilikuwamo katika asili, na mfasiri akaona ni uaminifu kuibeba. Uaminifu huo haumsaidii mtoto anayetafuta ng'ombe.

Yaliyosalia ni machache. Mswada huita skripti hati. Wizara inayotoa hati za viwanja isingependa kusikia kwamba hati inatekelezwa na mashine. Tuliache skripti, au maagizo pale sentensi inapoliruhusu. Kwa kile kijistari kinachomeremeta pale maneno yanapoandikwa, mfasiri ametumia kielekezi, na amefanya vyema; kulitohoa neno la Kiingereza kwa sauti tupu kungetupa kasa, na msomaji wa Pemba angejiuliza mnyama huyo wa baharini ameingiaje dirishani.

Mwisho, mswada huandika "upande wa kushoto wa mstari" kila unapokusudia mwanzo wake. Kwa herufi za Kirumi ni kitu kimoja. Lakini bado kuna wazee wa pwani, na wanafunzi wa miswada yao, wanaoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mstari wao huanzia kulia. Kwao mahali pa 1 ni kule mswada unakokuita mwisho. Nimebadilisha neno kushoto kuwa mwanzo mahali kumi na moja, na kuliacha mahali pamoja tu, pale panapozungumziwa kipanya, kwa kuwa pikseli huhesabiwa kutoka kushoto hata kwa mwandishi wa Lamu.